Mtueni ndoo, mwachieni mwiko

NENO LA SHANGAZI
Na Zaina Mhando

Mjamzito wa uswahilini hapungukiwi na washauri. Asubuhi akipita na ndoo kichwani, jirani wa kwanza atamwambia: "Kaza mwendo mwaya, mimba si ugonjwa, utajifungua upesi." Jioni akionekana anakaanga samaki, jirani wa pili atamshika mkono: "We mwana, hebu kaa chini, unataka kumuua mtoto?" Wote wawili wanampenda. Wote wawili, ukiwatazama vizuri, hawajampokea ile ndoo.

Ubishi huu nimeusikia miaka nenda rudi, kwenye shughuli za watu, kwenye mabenchi ya kliniki na ndani ya ukoo wangu mwenyewe. Neno langu wiki hii ni fupi. Mjamzito aliye mzima apike, ajishughulishe, atoke akaone watu. Lakini kwanza atuliwe mzigo, na wa kuutua ni yule yule anayemhimiza ajishughulishe.

Tusidanganyane kuhusu jikoni. Asiyepika akisikia "kupika" huona mwiko na sufuria tu. Anayepika anaona yaliyotangulia: maji ya bombani yaliyotoka saa tisa usiku, gunia la mkaa la kusogeza, nazi ya kukuna umepanda juu ya mbuzi na mgongo umekunjika, kisamvu cha kutwanga, ugali wa watu wanane wa kusonga huku sufuria umeibana kwa miguu. Bado masufuria ya kusugua. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji matupu. Mama wa miezi minane anainyanyua wakati tumbo limeshauvuta mgongo wake mbele, viungo vya nyonga vimelegea kujiandaa na uzazi, na miguu imevimba mpaka ndala zinambana.

Upande wa pili zipo kazi nyingine za jiko hilo hilo: kuamua leo tunakula nini, kuchambua mchele, kukata matembele, kuonja chumvi, kupakua. Hizi zinafanyika mtu amekaa, na mwanamke mwenye mimba isiyo na matatizo anaweza kuendelea nazo mpaka karibu na siku yake. Cha ajabu, tukisema tunampumzisha, tunamnyang'anya hizi nyepesi na zile nzito tunamwachia. Wifi anakuja kusaidia, anashika mwiko, anaamuru chumvi na pilipili. Maji ya wifi kuoga kachota nani? Mjamzito.

Kazini angalau sheria imesema kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto. Inampa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na anaweza kuianza wiki 4 kabla ya tarehe aliyotajiwa. Lakini mwalimu mjamzito ambaye bosi wake hathubutu kumbebesha madawati anaingia nyumbani kwake na kukuta madumu matupu yamejipanga mlangoni yanamsubiri. Nyumbani hakuna afisa kazi.

Binti wa kaka yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, yeye na mumewe wanapanga Mbagala. Nilikwenda kumjulia hali akiwa ameshaanza likizo. Nilimkuta mlangoni kwenye kigoda, miguu kaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, ungo mapajani, anachambua choroko. Pembeni palikuwa na beseni la ndimu alizozipasua na kuzishindilia chumvi, zinasubiri jua. Achari hiyo, aliniambia, ni ya arobaini yake.

"Shikamoo shangazi. Karibu, ila leo vitunguu sikaangi mimi. Huyu hataki."

"Marahaba mwanangu. Huyu nani?"

Akajipiga piga tumbo, akacheka.

Harufu ya kitunguu kikiingia kwenye mafuta ilikuwa ikimtapisha tangu mimba changa, na wengi wetu tunaijua hali hiyo. Nyumba nyingine wangemwambia ajikaze, au wangemfukuza jikoni moja kwa moja. Wao waligawana. Mumewe akirudi usiku anakaanga vitunguu na nyanya za kutosha siku mbili, mchuzi mzito unaingia kwenye friji. Alfajiri, kabla hajakimbilia daladala, anajaza maji na kuyapandisha juu ya stuli ndefu kando ya jiko la gesi, ili mkewe akichota asiiname. Mchana binti anachukua mchuzi wake, anatia choroko au dagaa, anakamulia ndimu, anakula chakula cha moto alichokipika kwa kadiri ya hamu yake. Hakuna aliyesoma chuo kupanga mambo hayo. Waliangalia tu kazi ipi inamwumiza na ipi inamfurahisha.

Nilimwuliza kwa nini hanunui chakula kwa mama lishe akalala zake. "Shangazi, nikilala nawaza. Nawaza leba, nawaza hela, nawaza mtoto anacheza au kanyamaza. Nikishika kitu mkononi, mawazo yanapungua." Nami nasema ana haki. Chumba kimoja, mume anatoka gizani na kurudi gizani, simu inajaa habari za kutisha za waliojifungua vibaya: kumwambia mwanamke huyo "wewe kaa tu" ni kumfungia ndani na hofu zake.

Sababu nyingine ya kumwachia mwiko ni kwamba mwenye mwiko ndiye anayejua nani kapata nini. Tunajuana. Kuku akichinjwa, firigisi na paja ni vya baba, kifua cha mgeni, watoto wanagombea mabawa, na aliyebeba mtoto tumboni anamalizia shingo na miguu. Mtu yule yule kesho kliniki wanamwambia damu yake imepungua, na nyumbani wanashangaa imekwenda wapi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma pamoja na miligramu 0.4 za asidi ya foliki. Ndivyo vidonge vya kuongeza damu mnavyovijua, na avimeze hata kama vinamchafua tumbo. Lakini vidonge vinataka sahani ya kuvisaidia, na sahani hiyo haihitaji mshahara wa mkurugenzi. Maharage, choroko, dagaa na mboga za majani vina chuma. Ndimu au chungwa humsaidia kukifaidi. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na mlo hukizuia, kwa hiyo kikombe kisubiri saa moja au mbili. Mchicha usichemshwe mpaka ukasahau jina lake, kisha maji yakamwagwa: foliki inakwenda na maji hayo. Kisamvu ni kinyume chake, kitwangwe na kichemke hasa, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Kwa sisi wa Pwani kuna la kuuma meno. Papa wa nazi, mtamu kuliko maelezo, ni samaki mkubwa anayekula samaki wengine na kukusanya zebaki mwilini, na zebaki inadhuru ubongo wa mtoto unaojengwa. Huduma ya afya ya Uingereza huwaambia wajawazito wasimguse papa kabisa. Dagaa hana mashaka hayo, na unamtafuna na mifupa yake yenye kalsiamu. Yai nalo lisipigwe marufuku kwa hadithi ya mtoto kuzaliwa na upara. Liive tu mpaka kiini kigande. Na ule msemo wa kula kwa ajili ya wawili upunguzwe makali: miezi mitatu ya mwanzo nyongeza yenyewe haipo, na hata mwishoni ni kama chapati moja na kikombe cha maziwa kwa siku.

Najua wanaoficha udongo kwenye pochi wananisoma wamenuna. Siwacheki, hamu ya mimba haina mwenyewe. Lakini udongo unaweza kuwa na mayai ya minyoo na madini mabaya, na unazuia chuma kile kile mnachokimezea vidonge. Hamu hiyo mara nyingi inakuja pamoja na upungufu wa damu. Mwambie nesi bila aibu, apime damu.

Kuna mzigo mmoja ambao hauonekani kichwani: moshi. Jiko la mkaa likiwashwa ndani ya chumba linatoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo ikiingia kwenye damu ya mama inachukua nafasi ya oksijeni inayokwenda kwa mtoto. Watoto wa mama wanaopikia kwenye moshi wamo zaidi katika hatari ya kuzaliwa na uzito pungufu. Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Lengo zuri, ila mimba ni ya miezi tisa, haiwezi kusubiri 2034. Familia inayojichanga kununua kitanda cha mtoto cha mbao za kuchonga, ianze na mtungi mdogo wa gesi. Wasioweza, jiko litolewe nje, na mtu mwingine aliwashe mpaka moto ukolee.

Hapa nimkumbuke mama anayechoma vitumbua alfajiri kituoni na tumbo la miezi minane. Huyo hahitaji makala ya kumwambia ajishughulishe; shughuli imemshika yeye. Anachohitaji ni kijana wa kumnyanyulia kikaango cha mafuta ya moto, stuli ya kukalia, na wateja wasiomnung'unikia akifunga mapema siku ya kliniki.

Kwa aliye na nafasi, wiki za mwisho zina kazi zake nzuri za kukaa. Asage pilipili manga, iliki na mdalasini wa uji wa arobaini, aviweke kwenye chupa zenye vifuniko. Akate khanga kuukuu za kumfunikia mtoto. Adarizi, afume, asuke ukili kama mikono yake inaujua. Apange mkoba wa kujifungulia, jioni atembee mpaka kwa shoga yake na kurudi. Faida moja kubwa ni kwamba akishajifungua atakuwa na vitu alivyoviandaa mwenyewe, asitegemee kila kitu kwa mdomo wa wifi.

Lakini daktari akisema pumzika, hapo mjadala umekwisha. Na ziko dalili zisizosubiri mchuzi uive: damu, maji kutoka, kichwa kugonga na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, mtoto kupunguza kucheza. Zima jiko, nenda hospitali. Kliniki yenyewe, Shirika la Afya Duniani linataka mahudhurio 8, ya kwanza kabla wiki 12 hazijapita.

Watatokea wa kusema shangazi anawadekeza wanawake, mbona bibi zetu walilima mpaka siku ya uchungu. Walilima, ndiyo. Pia walikuwa na dada, mashemeji na majirani uani, na bado wengi walizikwa na watoto wao tumboni. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Idadi hiyo haikushuka kwa kuwasifu wanawake kwa uvumilivu.

Basi nimalizie na akina baba. Kwa kawaida sheria inawapa siku 3 tu za likizo mtoto akizaliwa, na mnalalamika kuwa ni chache, nakubaliana nanyi. Ila kujaza madumu kabla ya kwenda kazini hakuhitaji likizo, kwa miezi tisa yote. Jaza maji, washa jiko, nyanyua kilicho kizito, acha hela ya matumizi inayofika kwenye dagaa na ndimu. Na jioni ukirudi ukakuta kuku amepikwa, kula ulichopakuliwa, usiulize firigisi iko wapi.