Likizo ya Mgonjwa Si Harambee

Kuna habari inayotufikia kutoka Marekani kila baada ya muda, nasi hatuchelewi kuisambaza. Mfanyakazi ameshikwa na saratani, siku zake za likizo zimekwisha, na wenzake kazini wamejitolea kumpa za kwao. Wasomaji wanafuta machozi na kuandika kwamba utu bado upo, kwamba kutoa ni moyo. Sisi Wakenya hasa hutugusa, maana tumelelewa na harambee: bili ya hospitali ikitushinda tunafungua kundi la WhatsApp, tunachanga, maisha yanaendelea.

Waliotoa wana moyo, sikatai. Ninachokataa ni ile imani kwamba huu ni utaratibu mzuri wa kuigwa. Kabla ya kuwapigia makofi watoaji, tungeuliza kwanza mgonjwa aliishiwaje.

Aliishiwa kwa sababu Marekani haina sheria ya taifa zima inayomlazimisha kila mwajiri kumlipa mfanyakazi anayeugua. Sheria yao ya mwaka 1993 humlindia mgonjwa kazi yake kwa wiki 12 bila senti, tena kwa kawaida kampuni yenye wafanyakazi wasiofika 50 haimo. Majimbo kadhaa yamejitungia sheria zao. Watumishi wa serikali kuu wana nafuu: hupata siku 13 za ugonjwa kwa mwaka, na tangu sheria ya mwaka 1988 wanaweza kupewa na wenzao siku za likizo ya mwaka. Mpango huo ndio unaosifiwa sana, basi tuutazame kwa karibu.

Mgonjwa anajaza fomu. Anaandika anaugua nini, ugonjwa umemlemea kiasi gani, na anatarajia kuwa nje ya kazi kwa muda gani. Ombi likikubaliwa, mara nyingi tangazo huzungushwa idarani ili mwenye siku za ziada ajitokeze. Kisha anangoja. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu anaulizwa uji, sufuria na kuni.

Na atapewa kwa kipimo gani? Karani mcheshi anayejua siku ya kuzaliwa ya kila mtu akipata saratani ya matiti, siku zitamiminika. Je, yule mkimya anayekula chakula chake peke yake, ambaye maradhi yake ni ya akili, au ni ulevi anaotibiwa, au ni virusi ambavyo hangependa afisi nzima ivijue? Je, mfagiaji wa zamu ya usiku ambaye hata jina lake hatulijui? Ugonjwa ni uleule kwa mwili, lakini malipo yanategemea nani anapendwa. Hiyo si haki, ni bahati.

Sheria yenyewe inalijua tatizo hili. Inakataza kumpa mkuu wako wa karibu siku zako, na inakataza mtu yeyote kumtisha au kumshurutisha mwenzake atoe. Bunge haliwekei marufuku jambo lisilowahi kutokea.

Halafu angalia nani ana cha kutoa. Kwa watumishi wengi wa serikali hiyo, likizo inayozidi saa 240 hupotea mwaka ukiisha, kwa hiyo mkongwe aliyejaza kibaba hutoa siku ambazo angezipoteza. Mama kijana aliyemaliza siku zake akimuuguza mtoto hana kitu, na sasa anaonekana bahili.

Mtu ataniambia, mbona hata Ufaransa wanafanya? Ni kweli. Wafanyakazi wa kiwanda cha maji huko Saint-Galmier walimpa mwenzao siku 170 akae na mwanawe, Mathys, aliyekuwa na saratani, na kisa hicho kikazaa Sheria ya Mathys ya Mei 2014. Ina busara zake: mtoaji hatajwi, na haruhusiwi kugusa wiki nne za kwanza za likizo yake ya mwaka. Lakini posho ya mzazi wa mtoto mgonjwa ilikuwepo tayari, ila ndogo. Bunge lingeweza kuipandisha. Likachagua huruma, ambayo haiigharimu hazina chochote.

Wajerumani hawahitaji kuoneana huruma kiasi hicho. Mwajiri hulipa mshahara kamili kwa wiki 6, kisha mfuko wa bima ya afya huchukua mzigo, kwa kawaida asilimia 70 ya mshahara, hadi wiki 78 katika miaka 3 kwa ugonjwa mmoja, hizo 6 zikihesabiwa. Hakuna mwenzako anayelazimika kujua unaugua nini, na hakuna anayeombwa.

Sasa turudi nyumbani. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa Mkenya angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Jirani zetu Watanzania wana siku 126 katika miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Tiba ya kemo huja kwa awamu, mara nyingi kila baada ya wiki tatu, kwa miezi. Siku 14 zitamfikisha mtu wapi? Na SHA, bima yetu ya afya ya taifa, hata inapolipa bili, huilipa hospitali. Haimlipii mgonjwa kodi ya nyumba wala karo ya watoto.

Najua mwenye karakana ya mafundi watatu hawezi kumlipa anayeugua miezi sita. Ndiyo maana kunahitajika mfuko wa pamoja. Na tusiambiwe ni vigumu kumtoza mwajiri: kwa nyumba za bei nafuu hukatwa asilimia 1.5, sawa na anayokatwa mfanyakazi, na kodi hiyo ilipatikana haraka.

Basi mwenzako akiugua na sheria za kazini kwenu zinaruhusu, mpe siku. Lakini afisa wa wafanyakazi akikuletea daftari la majina ya watoaji, mwulize kampuni imetoa ngapi. Vyama vya wafanyakazi vipeleke bungeni siku hizo 7 na 7 zibadilishwe, na mfuko wa mshahara wa mgonjwa uundwe. Wabunge wetu, wao, bima yao haiwasumbui.