Ndungu na Kijiko cha Maji

SAFU YA JUMAPILI
Na Hatibu Mbwambo

Kabla jua halijachomoza upande wa nyika ya Mkomazi, ilhali umande ungali umelalia majani ya mpunga na majogoo wa Ndungu wakiitana toka kiambo hata kiambo, nilisimama ukingoni mwa mfereji pamoja na mzee mmoja mwenye jaruba lake, naye ameshika kijiti chenye alama tatu zilizochongwa kwa kisu. Akainama, akakichomeka kijiti majini hata kikagusa sakafu ya saruji, akakitoa, akautazama unyevu ulikoishia, kisha akanionyesha kwa ukucha wa kidole gumba. “Juzi yalifika hapa,” akasema, “na leo yameishia hapa. Mlimani wamekunywa sana.” Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu asomaye barua ya ndugu yake, pasi na hasira wala manung'uniko. Tangu siku ile sijaacha kuyatafakari maneno yake, maana naona ndani yake imo tarehe nzima ya mji ule, na khatima yake pia.

Ndungu uko kusini mwa Wilaya ya Same, chini ya Milima ya Upare kwa upande wa mashariki, katika njia ile itokayo Same ikapita Kisiwani na Maore, kisha ikashuka Kihurio na Bendera hata ikafika mji mdogo wa Mkomazi, mwendo wa kilomita takribani 100, njia ambayo kwa miaka mingi ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Wasafiri wa barabara kuu baina ya Tanga na Moshi hupita upande wa pili wa mlima, wakaziona Hedaru na Makanya, wakauona mkonge na vichaka vikavu, nao aghalabu hudhani ya kuwa wamekwisha kuiona Upare. Hawajui kwamba nyuma ya ukuta ule wa mawe na misitu, ambao kilele chake cha Shengena kimefika mita 2,462, kuna bonde la kijani ambalo mchele wake huwafikia hata wao mezani.

Lakini asidanganyike mtu kwa ukijani ule. Mlima ndio unaozikinga pepo za bahari na kuzikamua mvua, na bonde lililo chini yake hupata masazo tu. Wenyeji husimulia kwamba jina Mkomazi limetokana na maneno mawili ya Chasu, mko, yaani kijiko, na mazi, yaani maji, kwa muradi wa kusema kwamba maji ya nyika ile hayazidi kijiko. Na mtu akisimama Ndungu, mbele yake ikiwa nyika iliyopewa jina hilo, na nyuma yake mlima wenye ukungu, hufahamu mara moja kwamba mji huu umejengwa mpakani, baina ya penye maji na pasipo na maji, na kwamba uhai wake wote umeshikwa na kile kinachoteremka kutoka juu.

Hapo kale Vaasu, yaani Wapare kama wajiitavyo wenyewe, walikaa zaidi mlimani, wakilima migomba na maharagwe na mahindi, mbali na homa za bondeni na mbali na wale waliokuja kuteka ng'ombe. Bonde lilikuwa mahali pa kuchungia na kuwindia. Ukaja wakati wa mkonge, na pamoja nao wakaja manamba kutoka nchi za mbali, wengine wakarudi kwao na wengine wakaoa na kuzikwa huku huku, na ndiyo sababu hata leo msikilizaji makini husikia katika soko la Ndungu Kiswahili chenye lafudhi za makabila mengi. Kisha bei ya mkonge ikaporomoka duniani, na bonde likabaki na ardhi nzuri isiyo na tegemeo.

Ndipo Serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Serikali ya Japani, ikajenga skimu ya umwagiliaji iliyokamilika mwaka 1990: banio katika Mto Yongoma, mfereji mkuu, mifereji ya kati na midogo, mageti ya chuma, na majaruba yaliyosawazishwa, jumla yake hekta 680. Kwa yule asiyelima, idadi hiyo ni tarakimu tu. Kwa mkulima wa Ndungu ni tafauti ya kula na kulala njaa. Yeye ambaye babake aliitazama mbingu akingoja vuli na masika, sasa anatazama ratiba ya zamu iliyobandikwa ofisini, akajua siku gani na saa gani maji yatamfikia, na kwa hiyo akajua ni lini aandae kitalu, lini aite pawatila ya kuvuruga tope, lini awakusanye wapandikizaji wenye kamba zao za mistari, na lini amwambie mwenye ada ya shule angoje.

Juu ya mchele huo ndipo mji ulipojengwa. Mashine za kukoboa hunguruma toka asubuhi hata magharibi, na kando yake yamepangwa magunia yenye alama za wenyewe kwa rangi na kwa vitambaa. Yuko mpimaji wa debe ambaye mkono wake unajulikana kwa insafu, na kwa hiyo mstari wake hauishi; yuko fundi wa pawatila mwenye mikono myeusi kwa grisi; wako wafugaji wanaokuja kununua pumba kwa ajili ya mifugo yao; yuko mama wa chakula anayepika wali wa mpunga uliovunwa mwendo wa nusu saa kutoka jikoni kwake, na pembeni ana sufuria ya makande, kwa kuwa Mpare hata akizama katika wali hasahau makande. Duka la vifaa vya ujenzi hufunguliwa mapema zaidi baada ya mavuno, na vipande vipya vya bati juu ya nyumba ndivyo vipimo vya msimu uliopita.

Nami nisingependa msomaji adhani kwamba neema hii hupatikana kwa maji peke yake. Niliuona mpunga ulioanza kuinama, na katikati yake mwanamke aliyesimama juu ya kichanja cha miti, ameshika kombeo mkono mmoja na kwa mkono wa pili anavuta kamba ndefu iliyofungiwa makopo matupu kutoka pembe hata pembe ya shamba. Alikuwa akiamia ndege. Ameanza kabla ya mapambazuko, naye atashuka ndege watakapokwenda kulala, na kazi hiyo ataifanya mpaka mpunga ukatwe, kwa sababu kundi moja la kwelea kwelea likitua alipopitiwa na usingizi, jasho la miezi limekwenda. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alipotuona tunapita akapunga mkono, akaurudia wito wake, na makopo yakalia bonde zima.

Sasa niyarejee maneno ya mzee wa kijiti. Mlimani, katika nchi za Mamba na Miamba, zao la tangawizi limewainua watu kama mpunga ulivyowainua wa bondeni. Limejenga nyumba, limesomesha watoto, limevuta hata kiwanda. Nalo ni zao lipendalo maji, na mifereji inayolinywesha hutoka katika vijito vile vile ambavyo hukusanyika na kuteremka kuelekea tambarare. Mkulima wa juu akikata kingo za kijito apate tuta moja zaidi, au akigeuza maji mchana kutwa mwezi wa kiangazi, hatendi hivyo kwa uadui. Anatenda kwa ajili ya watoto wake, na pengine hajapata kuliona jaruba lililopasuka ardhi yake mwendo wa saa kadhaa chini ya nyumba yake. Fauka ya hayo, mvua inapokuwa kubwa na mteremko hauna miti ya kuushikilia, udongo ule ule wenye rutuba huja kujaza mifereji ya Ndungu mchanga na matope, ikawa wa juu amepoteza shamba na wa chini amepoteza njia ya maji.

Tuna funzo karibu nasi. Skimu ya Lower Moshi, dada mkubwa wa hii ya Ndungu, iliyojengwa pia kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ilileta mavuno ambayo watu walikuwa hawajapata kuyaona. Na wale waliokaa juu ya mabanio, walipoona utajiri wa jirani zao, wakaanza nao kulima mpunga kwa maji ya mito ile ile ya Rau na Njoro. Nani awezaye kuwalaumu? Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba majaruba mengi ya chini, yaliyojengwa kwa saruji na kwa hesabu za wahandisi, yalibaki makavu msimu baada ya msimu. Hesabu za saruji zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mapatano na jirani wa juu.

Na mapatano ndiyo elimu ambayo Upare haihitaji kuiazima popote. Kabla ya mhandisi yeyote kufika, Wapare walichimba ndiva, mabwawa madogo ya kuyalaza maji ya usiku yapate kugawanywa asubuhi, wakawa na wazee wa kusimamia zamu, na adhabu kwa aliyeiba maji. Walikuwa na msaragambo, ambapo baragumu ililia na kila nyumba ikatoa mtu wa kwenda kuzibua mfereji, tajiri na maskini kwa jembe moja. Walikuwa na misitu ya mizimu ambayo hakuna aliyethubutu kuikata, na chini ya misitu hiyo chemchemi zilidumu. Tena ni watu wajuao kukaa kitako kwa ajili ya haki: mwaka 1945 maelfu yao walishuka hadi Same wakaketi kuipinga kodi ya mbiru, wakadumu kwa subira hata serikali ya kikoloni ikasalimu amri. Waliojua kuketi mbele ya mtawala wa kigeni hawatashindwa kuketi wao kwa wao.

Nasaha yangu, basi, ni hii. Mfereji wa Ndungu usihesabiwe tena kuwa unaanzia kwenye banio; uhesabiwe kuanzia chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu jumuiya za watumia maji. Katika kila kijito cha Yongoma jumuiya hiyo iwe na watu wa tangawizi na watu wa mpunga, wakae meza moja, wapange zamu moja ya kiangazi. Sehemu ya ada ya maji wanayolipa wa bondeni ipande mlimani, inunue miche ya miti ya kingo, na imlipe mkulima atakayeacha hatua kadhaa za shamba lake kando ya kijito. Hiyo si sadaka. Ni ujira wa mlinzi wa ghala. Na wakuu wa Bonde la Pangani wana kila sababu ya kuisimamia kazi hii, maana maji yanayobaki Ndungu huingia Mto Mkomazi, ukaungana na Pangani, nao ukageuza mitambo ya umeme ya Hale ya mwaka 1964 na ya Maporomoko ya Pangani ya mwaka 1995 kabla ya kufika baharini. Taa inayowaka Tanga ina deni kwa mti uliosimama Upare.

Nilimuuliza yule mzee angetaka nini endapo angeulizwa na wakubwa. Akafikiri, akasema kwamba angetaka kijiti chake kiwe na mwenziwe mlimani, kisomwe asubuhi ile ile, na mwenye kukisoma ampigie simu. Kisha akaitazama saa yake. Zamu yake ilikuwa imekwisha. Jaruba lake halijajaa, lakini alichukua gunia lenye udongo, akaliziba tundu la maji yaliyoingia kwake, akakanyaga tope kwa kisigino mpaka hakuna tone lililopita, akamwita jirani yake kwa jina, na maji yakaendelea kushuka.