Mji Ukiacha Kuchukua Chupa za Raia Wake

Michael Bloomberg aliposhika umeya wa New York, Januari 2002, hazina ya mji ilikabiliwa na upungufu uliokaribia dola bilioni 5, na katika kutafuta pa kupunguza matumizi wakuu wa mji waliigeukia huduma ambayo sheria ya mwaka 1989 ilikwisha kuwazoesha raia, nayo ni kutenga karatasi, vyuma na chupa mbali na taka nyingine na kuviweka kando ya njia mbele ya milango yao, vichukuliwe na magari ya mji vikatengenezwe upya. Tangu Julai ya mwaka huo vioo na plastiki vikaamriwa kurudi katika taka za kawaida.

Hoja yao haikuwa hafifu. Vioo aghalabu vilifika vimevunjika na kuchanganyika na uchafu, wanunuzi walikuwa wachache, na sehemu kubwa ya vitu vilivyotengwa kwa uangalifu iliishia kutupwa baada ya mji kulipa gharama ya kuvikusanya na kuvichambua. Walakini hesabu yao ilikuwa pungufu. Jaa la Fresh Kills, kisiwani Staten Island, lililopokea taka za New York tangu 1948, lilikuwa limefungwa Machi 2001, na tangu hapo taka za majumbani zilikuwa zikisafirishwa kwa malipo hadi majimbo mengine, hata ikawa chupa iliyokataliwa na gari moja ilipanda gari jingine, na gharama yake ikabaki juu ya mji ule ule. Magari yaliyobaki na karatasi na vyuma nayo yaliendelea kuzunguka mitaa ile ile, yakirudi na shehena iliyopungua.

Hasara iliyo kubwa zaidi ilikuwa katika mazoea ya watu. Plastiki zilirejeshwa Julai 2003, vioo Aprili 2004, lakini ikachukua miaka mingi kiasi kinachotengwa majumbani kukaribia kile cha awali. Kwani mwenye nyumba aliyekwisha kuelezwa na serikali yake kwamba taabu yake haina faida hawezi kuamini kwa tangazo moja kwamba sasa faida imerudi. Mazoea haya, yaliyojengwa kwa zaidi ya miaka kumi, ni rasilimali ya mji kama mabomba ya maji yalivyo rasilimali yake, ilhali hayakuandikwa katika bajeti yoyote.

Ghalati hii ilirudiwa baada ya Uchina, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karatasi na plastiki kuukuu za dunia, kufunga mlango wake mwaka 2018. Bei zikaanguka, wachambuzi wa taka wakaanza kudai malipo pale walipokuwa wakilipa, na miji kadhaa ya Marekani, Deltona ya Florida miongoni mwao, ikasitisha huduma. Naelewa dhiki ya madiwani wale, lakini bei za soko hupanda na kushuka, na huduma ya umma haifai kuwekwa rehani kwa bei ya msimu mmoja. New York yenyewe, kabla ya hapo, ilikuwa imekwisha kufunga mkataba wa miaka 20 na kampuni ya urejelezaji, na mwaka 2013 kiwanda cha kuchambulia kikafunguliwa ufukweni Brooklyn. Majimbo ya Maine na Oregon yalipitisha mwaka 2021 sheria za kuwatoza watengenezaji wa bidhaa gharama ya taka za vifungashio vyao, na hiyo naiona ndiyo njia ya haki, maadamu aliyeichagua chupa ni kiwanda, wala si aliyeinunua dukani.

Sisi nasi jambo hili latuhusu. Kenya ilipitisha mwaka 2022 sheria inayowataka wananchi kutenga taka tangu nyumbani. Basi nazisihi serikali za kaunti, kabla hazijamwomba mwenye nyumba atenge, ziwe na magari ya kuchukua kila fungu mbali na mwenziwe, mnunuzi aliyefungwa kwa mkataba, na fedha za kuiendesha kazi hiyo hata katika mwaka wa bei mbaya.