Bomba Lisilo na Akili

Tuache kumcheka anayevuta vepu yenye chipu eti ni ya watoto. Ile ya mekanika, bomba la shaba mnaloringa nalo kwenye picha, ndani ni betri, koili na kitufe, basi. Hakuna kitu cha kukata stima mambo yakiharibika. Kazi hiyo ni yako, boss.

Na swag haipigi hesabu. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Ukifunga koili ya omu 0.1, unaivuta ampea 42, na betri nyingi za 18650 haziruhusiwi kupita 20 au 30 mfululizo. Ikizidiwa inachemka, inatoa gesi, na bomba likikosa matundu ya kupumulia linalipuka. Mei 2018, huko St. Petersburg, Florida, vipande vya vepu ya aina hii vilimwingia mwanamume wa miaka 38 kichwani. Alikufa.

Halafu hapa Nairobi muuzaji anamkabidhi fresha wa chuo bila kumuuliza kama anajua hata kupima omu. Plastiki ya betri imechanika? “Iko sawa tu, bro.” Haiko sawa. Ikichanika pale juu, chanya na hasi zinaweza kukutana. Muuzieni ya chipu kwanza. Faida mtapata tu.