Kusoma Sayansi kwa Vikundi

Baadhi ya wazee wa watoto wetu hapa Singida wametuuliza: mbona siku hizi mtoto akitoka shule husema wamesoma sayansi kwa vikundi? Mtihani wa darasa la nne kila mtoto huufanya peke yake, na wa darasa la saba kadhalika. Basi kikundi chafaa nini, ila kuwapa wavivu kivuli cha kupumzikia?

Swali hili ni la haki, kwani ni kweli vipo vikundi vya jina tu. Watoto wanane huizunguka meza moja. Mwerevu mmoja akashika chupa na kibiriti, wa pili akaandika, na sita waliobaki wakatazama dirishani. Na mara nyingi, tuseme bila kuficha, mwenye kushika chombo ni mvulana, na binti zetu huachiwa kuandika na kufuta meza. Hicho si kikundi, ni msongamano.

Walakini dawa yake si kuvivunja. Kipimo cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, na tangu mwaka 2016, elimu ilipotolewa bila ada, madarasa mengi yamekivuka kipimo hicho. Mwalimu hawezi kumwonyesha kila mtoto kwa mkono wake. Hapana budi wasaidiane.

Mwaka 1971, katika mji wa Austin huko Marekani, mtaalamu wa elimu ya nafsi, Elliot Aronson, aligawa somo vipande vipande, kila mtoto wa kikundi akapewa kipande asichokuwa nacho mwenziwe. Watoto weusi na weupe walikuwa ndio kwanza wamewekwa shule moja, nao wakigombana. Njia ile iliwalazimu kusikilizana, maana amdharauye mwenziwe hukosa sehemu ya somo.

Hapa kwetu vifaa havikosi. Maji ya ziwa Singidani ni ya chumvi. Watoto wanne wapewe sahani nne zenye maji hayo kwa kipimo kimoja: ya kwanza iwekwe juani, ya pili juani lakini ifunikwe, ya tatu kivulini penye upepo, ya nne ndani ya chumba. Kila mtoto ailinde sahani yake, aitazame asubuhi na mchana, na kuandika aliyoyaona. Siku ya kukutana, hapana awezaye kueleza maji yamekwenda wapi, na kwa nini chumvi imebaki, mpaka awasikilize wenziwe watatu. Kisha mwalimu asiulize, "Nani ajua?" Amwite amtakaye, naye aeleze habari ya sahani ya mwenziwe. Hapo hapana pa kujificha.

Sisi wa chuoni jambo hili si geni kwetu. Mtoto aliyetangulia juzuu humsikiliza mdogo wake, na kwa kumsahihisha herufi ndipo naye huzijua barabara.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi msimwulize kwanza amepata ngapi. Mwulizeni: sahani yako ilikuwa ipi, na ya mwenzio ilikuwaje? Binti aulizwe vilevile, tena aulizwe nani aliyeyamimina maji. Mkiona hajui hata yake, nendeni mkamwone mwalimu, kwa adabu, na mapema kabla ya mtihani.