Vita vya chipu: mwenye duka la simu Bariadi asijaze stoo kwa mkopo

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia pamba, dengu na choroko. Juma hili tunamwomba msomaji atuvumilie tuzungumzie bidhaa nyingine ambayo nayo hupata wateja mara tu mkulima anapolipwa fedha zake za pamba, yaani simu ya mkononi. Wapo wafanyabiashara wanaoamini kwamba, kwa kuwa simu zinapanda bei duniani, mwenye akili ni yule anayekopa sasa, akajaza stoo, kisha akangoja bei ipande ndipo auze.

Rai yetu ni kinyume. Ni kweli kwamba bei inasukumwa juu. Lakini anayeisukuma haonekani kutoka Bariadi, wala hatabiriki, na mwenye deni benki hana nguvu ya kumngoja.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Ndani ya kila simu kuna chipu, yaani vijipande vya silikoni vidogo kuliko ukucha vyenye swichi nyingi zisizoonekana kwa macho. Ipo chipu inayofanya kazi ya ubongo, ipo ya kuwasiliana na mtandao, na zipo za kumbukumbu. Mwenye duka anapomwambia mteja kwamba simu hii ni "4 kwa 128", anamtajia kumbukumbu: gigabaiti 4 za kufanyia kazi na 128 za kuhifadhia. Ukubwa wa kumbukumbu ni jambo la kwanza linalotofautisha bei ya simu moja na nyingine kwenye kabati.

Chipu hizi hutoka mikononi mwa wachache. Sehemu kubwa ya zile za hali ya juu kabisa hutengenezwa na kampuni moja ya Taiwan, TSMC. Mashine za kuzichora hutengenezwa na ASML ya Uholanzi peke yake. Kumbukumbu nyingi hutoka kwa kampuni tatu, Samsung na SK Hynix za Korea Kusini na Micron ya Marekani. Simu za Tecno, Infinix na itel, ambazo hakuna duka la Simiyu lisilokuwa nazo, ni za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, na nyingi hutumia chipu za MediaTek ya Taiwan au Unisoc ya Shanghai.

Soko lenye wauzaji wachache namna hii hutikisika mmoja wao anapoguswa, na Marekani na China zimekuwa zikiguswa na kugusana kwa miaka kadhaa sasa. Marekani inadai kwamba China inachukua ujuzi wa wenzake bila kulipia. China inajibu kwamba Marekani inataka kuizuia isikue.

Mfano mzuri ni kesi ya Micron. Kampuni hiyo ilidai kwamba siri zake za kutengeneza kumbukumbu zilihamishwa kupitia kampuni ya UMC ya Taiwan hadi kiwanda kipya cha Fujian Jinhua, China. Oktoba 2018 Serikali ya Marekani ilizuia Jinhua kuuziwa vifaa vya Kimarekani, na mipango ya kiwanda hicho ikakwama. Mwaka 2020 UMC ilikiri kosa na kutozwa faini ya dola milioni 60. Lakini Februari 2024 mahakama ya San Francisco iliiona Jinhua haina hatia. Mfanyabiashara azingatie mpangilio wa mambo hayo: adhabu ilitangulia, hukumu ikafuata baada ya miaka zaidi ya mitano, na kiwanda kilichotarajiwa kuongeza kumbukumbu sokoni kilikuwa kimekwishapotezewa wakati.

Baada ya hapo hatua zilifuatana. Oktoba 2022 Marekani iliweka masharti makali ya kuiuzia China chipu za hali ya juu na mashine za kuzitengenezea. Mei 2023 China ilizuia bidhaa za Micron katika miundombinu yake nyeti, na Agosti mwaka huohuo ikaanza kudhibiti uuzaji nje wa madini ya galiamu na jemaniamu. Desemba 2024 ikapiga marufuku kabisa kuyauza Marekani. Novemba 2025, baada ya mazungumzo, marufuku hiyo ikasimamishwa kwa mwaka mmoja.

Msomaji wa Bariadi atauliza: haya yanaingiaje dukani kwangu? Yameingia kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni programu. Mei 2019 Marekani iliiweka Huawei katika orodha ya kampuni zisizoruhusiwa kuuziwa teknolojia ya Kimarekani bila kibali. Simu mpya za Huawei zilizotoka baadaye mwaka huo zilikosa huduma za Google. Simu ilikuwa nzuri, kamera ilikuwa nzuri, lakini mteja aliyezoea Play Store hakuitaka. Hakuna aliyevunja kioo wala kuchoma ghala. Bidhaa ilipoteza wateja kwa saini ya ofisa mmoja Washington.

Njia ya pili ni hataza, yaani haki ya mvumbuzi kulipwa na kila anayetumia uvumbuzi wake. Simu haiwezi kushika mtandao wa 4G bila kupita katika uvumbuzi uliosajiliwa na kampuni kama Qualcomm ya Marekani. Julai 2024 Qualcomm iliishtaki Transsion katika Mahakama Kuu ya Delhi, India, ikidai imetumia hataza zake. Simu za Transsion zilipendwa Afrika kwa sababu ya unafuu wa bei. Kila ada ya hataza inayoongezwa lazima ilipwe na mtu, na faida ya simu ya bei nafuu ni ndogo mno kuibeba yote.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo inayozungumzwa sasa, ni bei ya kumbukumbu yenyewe. Katika nusu ya pili ya mwaka 2025 bei hiyo ilipanda kwa kasi kwa sababu viwanda vilielekeza uwezo wao kwenye kumbukumbu za kompyuta kubwa za akili bandia, zenye faida nono zaidi. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana na biashara yake ya kumbukumbu za Crucial zilizokuwa zikiuzwa kwa watumiaji wa kawaida. Simu za bei ya chini ndizo zinazoumia zaidi, kwa kuwa kumbukumbu ni sehemu kubwa ya gharama yake. Transsion yenyewe, hata kabla ya mwaka kwisha, ilikuwa imeona faida yake ya miezi sita ya kwanza ya 2025 ikishuka kwa zaidi ya nusu.

Mpaka hapa anayetaka kujaza stoo atasema tumemsaidia hoja. Bei inapanda, basi anunue. Tunamwomba asubiri kidogo, maana hajatazama upande wa pili wa kaunta.

Mteja wake ni mkulima wa pamba, na pamba nayo hupangiwa bei mbali. Msimu wa mwaka 2022 bei dira ya pamba mbegu ilikuwa Sh. 1,560 kwa kilo. Msimu wa 2023 ikawa Sh. 1,060. Mkulima aliyepeleka kilo 500 katika chama chake cha msingi alitoka na Sh. 780,000 mwaka wa kwanza na Sh. 530,000 mwaka wa pili, kwa bei hiyo ya dira. Tofauti ni Sh. 250,000, ambayo ni fedha ya kutosha kununua simu janja ya kawaida. Simu hiyo haikuuzwa, na haikuuzwa si kwa sababu mwenye duka alikosea jambo lolote.

Kwa hiyo mwenye duka la simu Simiyu anasimama katikati ya bei mbili za dunia, moja ya anachonunua na nyingine ya anachouza mteja wake. Bei ya kumbukumbu ikipanda na ya pamba ikashuka mwaka mmoja, stoo iliyojaa inakuwa mzigo kweli.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mfanyabiashara amekopa Sh. 10,000,000, akanunua simu 40 za Sh. 250,000 kila moja, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Akizishikilia miezi sita atalipa riba ya Sh. 1,800,000, yaani Sh. 45,000 kwa kila simu. Bei ya simu hizo lazima ipande kwa asilimia 18 ili arudishe tu fedha zake, kabla ya kodi ya pango na kabla hajatoka muundo mpya unaofanya ule wa stoo uonekane wa zamani.

Mwenzake mwenye Sh. 2,500,000 zake mwenyewe anunue simu 10 tu, aziuze kwa mwezi mmoja kwa faida ya Sh. 20,000 kila moja, kisha arudi Mwanza au Kariakoo kuchukua nyingine. Kwa miezi sita amepata Sh. 1,200,000 bila deni. Bei ikipanda, anapanda nayo mwezi unaofuata. Ikishuka, inamkuta na simu 10, si 40.

Na kushuka hushuka. Biashara ya kumbukumbu ina historia ya neema na ukame. Mwaka 2023 bei ilianguka hadi Micron, SK Hynix na idara ya chipu ya Samsung zikapata hasara ya mabilioni ya dola. Aidha, simu hununuliwa kwa dola kabla hazijafika kwetu. Mwaka 2025 shilingi ilidhoofika hadi kukaribia 2,700 kwa dola, kisha ikaimarika hadi chini ya 2,500 kabla ya mwaka kwisha. Aliyekuwa ameshikilia mzigo wa dola ya juu alijikuta akishindana na jirani aliyenunua kwa dola ya chini.

Wako wanaojifariji kwa methali ya wahenga, kwamba vita vya panzi ni neema kwa kunguru. Ingekuwa kweli kama sisi tungekuwa na viwanda vya kuvutia wanaokimbia China au Marekani. Sisi wa duka la rejareja si kunguru katika vita hivi.

Nini basi kifanyike? Kwanza, anayechukua mzigo kwa mali kauli akubaliane mapema na tajiri wake kwamba simu ambayo haijauzwa inaweza kurudishwa au kubadilishwa. Bila sharti hilo, mali kauli ni mkopo kwa jina jingine.

Pili, kabla ya kulipia mzigo, awashe simu moja na kuhakikisha huduma za Google zinafanya kazi. Apige *#06# apate namba ya IMEI, kisha aitume kwenda 15090 kuihakiki. Tusisahau kwamba tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchini kote, na aliyebaki nazo dukani alibaki na plastiki. Tume ya Ushindani nayo ina mamlaka, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, ya kukamata bidhaa bandia. Simu zinapokuwa ghali, bandia huongezeka, na bei ya kutupa ni dalili ya kwanza.

Tatu, kabati lisiwe la simu janja peke yake. Kitochi kina kumbukumbu ndogo mno, hivyo bei yake haitegemei sana kumbukumbu. Simu mpya zikipanda, watu hutengeneza walizonazo. Vioo, betri, chaja na fundi hodari wa kukaa nawe dukani vitakuingizia fedha mwezi ambao simu mpya hazitoki.

Kwa mwekezaji mdogo tuna neno moja. Habari za vita hivi zimewafanya wengine watamani hisa za kampuni za chipu zinazotangazwa kwenye makundi ya simu na watu wasiowajua. Asiyeweza kuona kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana asitoe fedha. Na hata katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, hisa ya kampuni ya simu haikwepi tulichosema: simu janja zikiwa ghali, wateja wapya wa intaneti huchelewa. Walionunua hisa za Vodacom kwa Sh. 850 mwaka 2017 waliziona chini ya bei hiyo kwa miaka kadhaa. Fedha ya ada ya shule isiingie humo.

Wafanyabiashara wa Simiyu wamekaa na pamba miaka mingi na wanajua kwamba hakuna aliyetajirika kwa kukopa ili aishikilie akingojea soko la dunia limhurumie. Simu nayo sasa ni bidhaa ya namna hiyo. Mzigo uwe mdogo, uzunguke haraka, na fedha ya msimu ikilipwa, mwenye duka awe na uwezo wa kununua kile ambacho mkulima ameomba siku hiyo.