Sri Lanka: Sampanthan, depite wa Watamil aliyeamini Bunge mpaka mwisho

Depite wa kabila lenye watu wachache anaweza kufanya nini mu Bunge ambamo hatapata hata siku moja wingi wa kura? R. Sampanthan wa Sri Lanka aliishi na swali hilo mpaka kifo chake, tarehe 30 Juni 2024. Alikuwa na miaka 91, na alikuwa bado depite.

Sampanthan alikuwa avoka wa Trincomalee, muji wa bandari upande wa mashariki. Mu inchi ile Wasinhala ndio wengi. Watamil wa Sri Lanka walikuwa karibu 11 kwa 100 mwaka wa 2012. Alichaguliwa mara ya kwanza mwaka wa 1977, wakati chama chake, TULF, kilikuwa kinaomba Watamil wapate inchi yao. Kilipata viti 18, na mkubwa wake, A. Amirthalingam, akawa kiongozi wa upinzani.

Mwaka wa 1983 mambo yakaharibika. Watamil wengi waliuawa Colombo na kwingine. Kisha Bunge likapitisha sheria: kila depite aape kwamba hataunga mkono kugawanya inchi. Wale wa TULF walikataa, wakapoteza viti. Nafasi yao ikachukuliwa na wenye bunduki. Na bunduki ile haikumaliza kwa adui tu: mwaka wa 1989 Amirthalingam mwenyewe aliuawa na waasi wa Tamil Tigers.

Sampanthan alirudi Bungeni mwaka wa 1997, na tena 2001 akiwa mu muungano mpya wa vyama vya Watamil, TNA. Muungano huo uliwakubali Tigers kama wasemaji wa Watamil, jambo ambalo wengi waliendelea kumlaumu. Vita ilipoisha Mei 2009, Tigers wakiwa wameshindwa, alisema wazi anachotaka: hapana inchi nyingine, lakini mamlaka ya kweli kwa kaskazini na mashariki, ndani ya Sri Lanka moja.

Mwaka wa 2015 vyama viwili vikubwa viliingia pamoja serikalini. TNA, na viti vyake 16 kati ya 225, ikapata upinzani, Sampanthan akawa kiongozi wake. Mu Februari mwaka uleule alikuwa amehudhuria sikukuu ya uhuru, na Watamil wengine walikasirika sana.

Oktoba 2018 Rais Maithripala Sirisena alimfukuza waziri mkuu. Mwezi uliofuata akavunja Bunge. Sampanthan alipeleka mashitaka kwenye Korti Kuu. Tarehe 13 Desemba majaji 7 walikubaliana wote: rais amevunja katiba. Depite wa walio wachache alikuwa amesaidia kuokoa Bunge la wote. Siku chache baadaye, Mahinda Rajapaksa akapewa kiti cha kiongozi wa upinzani ju kundi lake lilikuwa na wadepite wengi zaidi.

Katiba mpya aliyoingojea haikupitishwa. Ju ya hiyo, vijana wengine Watamil wanasema uvumilivu wake haukuzaa kitu. Wenye kumtetea wanajibu kwa swali: kati ya 1983 na 2009, bunduki iliposema, nani alifaidika? Mpaka leo, familia za kaskazini na mashariki zingali zinatafuta watu wao waliopotea.